Betri ya Moyo Mbele ya Lango la Meli



Kila mwaka upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma, meli kubwa za watalii huingia katika bahari yetu. Huteremsha watu Mombasa, hupita Unguja, kisha hushika njia ya Shelisheli, ya Madagaska au ya Mauritius. Nchi zenyewe ni nyingi, lakini safari ni moja na abiria ni wale wale. Mtu aliyepekuliwa Kilindini jioni anaweza kushuka Unguja kesho yake asubuhi. Kwa hiyo namna majirani zetu wa Kenya wanavyolinda lango la meli si jambo lao peke yao, wala namna sisi tunavyolilinda letu si jambo letu peke yetu.

Katika mazungumzo haya nataka tulitazame jambo moja la lango hilo, ambalo askari hulikuta ghafla akiwa zamu, nyuma pakiwa na msururu wa watu unaonung'unika na mbele yake amesimama mzee aliyeweka mkono kifuani akisema, "Mimi nina betri ya moyo, siwezi kupita hapo." Je, askari huyo afanye nini?

Abiria wa meli hizi wengi ni watu waliokwisha kustaafu kazi. Miongoni mwao wamo wenye nyonga na magoti ya chuma, wamo wenye vyombo vya kusaidia kusikia vilivyopandikizwa ndani ya fuvu, wamo wagonjwa wa kisukari waliofungwa pampu ya insulini kiunoni, na wamo wenye mfuko wa haja tumboni, ambao huuficha hata kwa jamaa zao. Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hapa Dar es Salaam, huwapandikiza wananchi wetu betri za moyo, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili hubadilisha nyonga. Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa betri ya moyo alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba, 1958. Betri ile ya kwanza ilifanya kazi kwa saa chache tu ikafa. Akawekewa nyingine, na nyingine tena, zaidi ya 20 katika maisha yake, naye akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Sasa tujiulize kwa nini lango lenyewe liko pale. Hapo zamani abiria wa meli alipanda kama mtu apandavyo ngazi za hoteli. Tarehe 7 Oktoba, 1985, watu wanne waliokuwa wamepanda meli ya Kiitalia iitwayo Achille Lauro katika bandari ya Genoa, wakijifanya abiria wa kawaida, waliiteka meli hiyo karibu na pwani ya Misri. Silaha zao walikuwa wamezipandisha pamoja na mizigo yao. Siku iliyofuata walimwua abiria mmoja, Mmarekani mwenye umri wa miaka 69, jina lake Leon Klinghoffer, aliyekuwa amepooza kwa kiharusi na akitembelea kiti cha magurudumu. Wakamtupa baharini, yeye na kiti chake. Tazameni basi jinsi mambo yalivyokuwa: upekuzi uliokosekana Genoa ulilipiwa na mgonjwa ambaye hakuweza hata kusimama kwa miguu yake. Wale wanaosema kwamba kuwapekua watu walio dhaifu ni ukatili, na wakaishia hapo, hawajaifikiria habari hiyo hadi mwisho wake.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zote zikaze ulinzi wa meli na bandari. Baadaye, baada ya mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001, shirika hilo lilikutana London mwezi Desemba 2002 na kupitisha Kanuni ya Kimataifa ya Ulinzi wa Meli na Bandari, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 2004. Ni kwa Kanuni hiyo kwamba bandari inayopokea meli za safari za kimataifa huwa na afisa wake wa ulinzi, meli nayo huwa na wake, na panapohitajika wawili hao hutiliana saini tamko la kugawana wajibu: nani alinde lango, nani alinde ngazi. Na kama yuko anayedhani kwamba hatari hizo ziko mbali na maji yetu, akumbuke kwamba mwezi Novemba 2005 meli ya watalii iitwayo Seabourn Spirit, iliyokuwa njiani kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia kwa roketi katika pwani ya Somalia, ikalazimika kubadili njia na kukimbilia Shelisheli.

Turudi kwa mzee wetu aliyeshika kifua. Yako makosa mawili ambayo askari anaweza kuyafanya. La kwanza ni kumwonea huruma na kumpitisha bila kumkagua, kwa kuwa ameonyesha kadi ya hospitali. Kadi ni karatasi, na karatasi huchapwa mahali popote. Kazi ya kadi ni kumweleza mlinzi kwa nini mashine italia, si kumwondolea mlinzi wajibu wa kukagua. Mwenye betri ya moyo anayo haki ya kukaguliwa kwa njia nyingine. Haki ya kutokaguliwa kabisa hana, wala mtu mwingine hana.

Kosa la pili ni lile la kumshuku kwa sababu mashine imelia, na kumvua shati mbele ya wajukuu zake. Hapa inafaa mlinzi aijue mashine yake. Lango la kukagulia chuma huzungukwa na nguvu za sumaku na umeme. Betri za moyo za kisasa zimekingwa, na mtu anayepita hapo kwa mwendo wake wa kawaida hadhuriki. Jambo la kuepukwa ni kumsimamisha katikati ya lango, au kumwacha aegemee nguzo zake wakati mlinzi anazungumza na mwenzake. Kile chombo cha mkononi ndicho kinachotaka uangalifu zaidi. Kisizungushwe na kurudishwa juu ya kifua penye betri, wala kisishikiliwe hapo. Wengine wana betri ya aina nyingine, inayoushtua moyo kwa umeme unapokwenda mrama. Betri hiyo ikipotoshwa na nguvu za nje, huenda ikaushtua moyo ambao ni mzima. Akisema hataki chombo hicho kipite juu ya kifua chake, apekuliwe kwa mikono. Na redio ya upepo ambayo askari amezoea kuining'iniza begani isikaribie kifua cha mtu huyo. Hilo ni dogo, lakini anayeinama kumpapasa mgonjwa hulisahau upesi.

Pampu za insulini zina habari yake. Baadhi ya watengenezaji wake huonya kwamba zisipitishwe katika mashine ya eksirei inayokagua mizigo. Kumwambia mgonjwa, "Ifungue, iweke kwenye kikapu," ni kumtaka achague kati ya safari na dawa yake. Mlinzi aitazame ikiwa mwilini, na ikibidi mgonjwa aishike mwenyewe. Mfuko wa haja hali kadhalika: mwenyewe ndiye augusaye, faraghani, na mlinzi hutazama kutoka nje ya nguo.

Lipo jambo jingine, nalo linatuhusu sisi watu wa majeshi kuliko mtu mwingine yeyote. Nyonga ya chuma huja na barua ya daktari, na betri ya moyo huja na kadi. Kipande cha bomu hakiji na kitu. Askari aliyewahi kujeruhiwa anafahamu kwamba daktari mpasuaji hakitoi kila kipande. Kilichojificha karibu na mshipa mkubwa au uti wa mgongo mara nyingi huachwa, kwa kuwa kukifuata kungedhuru zaidi. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliwarudisha nyumbani watu waliobeba chuma cha namna hiyo. Majirani zetu wa Kenya, ambao majeshi yao yaliingia Somalia mwezi Oktoba 2011, nao wanao watu wao waliokanyagishwa mabomu ya kutegwa. Mtu kama huyo akifika langoni, mashine italia, naye hana karatasi ya kuonyesha ila kovu. Mlinzi aliyezoea kuuliza kadi kwanza atamwona mwongo. Mlinzi anayejua kazi yake hatahitaji kadi kwa yeyote kati yao: atamweka kando, atampa kiti, atampekua kwa mikono hadi aridhike, kisha atamwachia njia.

Kanuni ya Kimataifa niliyoitaja inasema, inapozungumzia kuwapekua mabaharia wa meli, kwamba upekuzi uzingatie haki za binadamu na uhifadhi utu wa mtu. Kama baharia, ambaye yuko chini ya amri ya nahodha, amewekewa kinga hiyo, kwa maoni yangu haiwezekani abiria mgonjwa astahili chini yake.

Utu huo hutegemea sana mambo ya kawaida ya zamu. Bibi mwenye nyonga ya chuma apekuliwe na askari wa kike. Basi ofisa anayepanga zamu ya lango ahakikishe askari wa kike yupo tangu abiria wa kwanza hadi wa mwisho, si aitwe kutoka kituoni meli inapokaribia kung'oa nanga. Pawe na pazia au chumba kidogo, na upekuzi wa humo ufanywe na askari wawili, kwa usalama wa abiria na kwa usalama wa askari wenyewe wasije wakasingiziwa. Abiria wa meli ya kitalii hupita langoni kila anaporudi kutoka mjini, katika kila bandari, na kila mara chuma chake kitalia upya. Aliyekaguliwa Mombasa asubuhi atalazimika kukaguliwa tena jioni akitoka Ngome ya Yesu na vinyago vyake mkononi, na askari wa zamu ya jioni huenda asiwe yule wa asubuhi. Kwa hiyo ofisa anayekabidhi zamu amweleze anayepokea ni chumba gani kinatumika, na ni askari gani wa kike amebaki.