Bahari ikifungwa

Desemba 1994 Marekani ilifunga maeneo makubwa ya Georges Bank, mashariki mwa Massachusetts, ili kunusuru samaki wa sakafu ya bahari. Meli za skalopu, jamaa wa chaza mwenye gamba la duara, zikazuiwa pia. Faida ikatokea kusikotazamiwa: Julai 1998, skalopu wa kiwango cha kuvuliwa walikuwa mara 14 zaidi ndani ya maeneo yale kuliko nje yake.

Tangu 2004 kufunga kunakwenda kwa zamu. Penye wadogo hufungwa; wakikua, hufunguliwa. Pete za wavu wa chuma unaoburutwa lazima ziwe na upana usiopungua inchi 4, wadogo wapenye.

Kanuni ninayoiona ya werevu zaidi ni ya idadi ya mabaharia: safari ya kawaida, watu 7 tu. Skalopu hubanduliwa magamba kwa kisu melini, na mikono ikiwa michache, nani atahangaika na wadogo?

Wavuvi wa pweza kule Pemba, wanaofunga miamba kwa miezi, wanaijua hesabu hii ya kufunga na kungoja. Ila pweza hukua upesi. Skalopu hutaka miaka, na meli inadaiwa na benki kila mwezi.