Dalali wa visa ya ulezi

Msikilizaji, cheti cha uuguzi kinachotolewa kopi kwenye steshenari ya Kariakoo huenda safari yake inaishia kwa dalali anayeahidi kazi ya ulezi huko Uingereza, visa juu ya mwajiri. Ahadi hiyo inajikanyaga yenyewe. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, na kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri na mawakala kuja kusaka watu katika nchi hizo. Muuguzi anaruhusiwa kuomba mwenyewe, moja kwa moja. Kwa hiyo anayesema "nimetumwa nikuchukue" ama anavunja kanuni, ama hakutumwa na mtu. Tena tangu 22 Julai 2025 mlango wa visa kwa walezi wapya kutoka nje umefungwa; muuguzi bado ana njia, lakini inapitia kwenye mitihani na usajili wa kule, si kwenye bahasha.

Utaniambia vijana wamesoma na ajira hakuna. Kweli kabisa, na simlaumu anayetaka kuondoka. Ila anauziwa cha bure: orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini visa iko wazi mtandaoni, na sheria ya Uingereza hairuhusu wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Dalali akidai pesa ya "udhamini", aulizwe jina la mwajiri, litafutwe humo papo hapo, kabla namba ya siri haijabonyezwa.