Nani Apewe Kwanza?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya somo la leo: figo, kupandikiza, zamu. Yasomeni pamoja kwa sauti. Vema. Sasa wekeni kalamu chini, msikilize.

Mtu huzaliwa na figo mbili. Ziko mgongoni, karibu na mbavu za mwisho. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Figo zote mbili zikifa, uchafu hubaki mwilini, na mtu hufa asipopata matibabu. Lakini mwenye afya njema aweza kuishi kwa figo moja. Kwa hiyo aweza kumpa mwenzake moja, na madaktari wakaipandikiza. Katika nchi nyingi figo hutolewa pia kwa maiti, kama marehemu aliruhusu au jamaa zake wamekubali.

Shida ni hii: wagonjwa ni wengi, figo ni chache. Nani apewe kwanza?

Fikirini bomba la kijiji wakati wa kiangazi. Tunapanga ndoo kwa zamu. Mwenye mgonjwa nyumbani twamruhusu apite mbele, wala hakuna anayenung'unika, maana desturi yajulikana. Lakini mtunza bomba akifungulia rafiki zake usiku, nani atakubali tena kuchanga fedha za kutengeneza pampu?

Sasa twende Marekani, katika mji wa Seattle. Mwaka 1960 Daktari Belding Scribner alipata njia ya kuacha mrija mdogo wa plastiki katika mkono wa mgonjwa. Kwa mrija huo damu iliweza kupitishwa mara kwa mara katika mashine ya kuisafisha. Mgonjwa wake wa kwanza aliishi miaka 11 zaidi.

Lakini mashine zilikuwa chache, na gharama yake kubwa. Basi ikaundwa kamati ya watu saba: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, mtumishi wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na daktari mpasuaji. Majina yao yalifichwa. Madaktari walitangulia kuchuja wagonjwa, kisha kamati ikachagua katika waliosalia. Ilitazama nini? Mtu ameoa au hajaoa, ana watoto wangapi, kazi gani, elimu gani, mali kiasi gani, huenda kanisani au haendi. Aliyechaguliwa alipata kuishi. Aliyeachwa alikufa.

Mwaka 1962 gazeti la Life lilipoandika habari hizo, watu wengi walishtuka. Wale saba hawakupenda kumwua mtu. Lakini walioipinga kamati waliuliza: Je, asiye na mke, asiye na mali, si mtu?

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria kwamba serikali isaidie kulipia matibabu ya karibu wote ambao figo zao zimekufa. Mashine zikaongezeka. Lakini fedha hununua mashine. Haiwezi kutengeneza figo ya mtu. Swali likarudi pale pale. Mwaka 1984 sheria nyingine ikakataza kununua na kuuza viungo, ikaagiza uwepo mpango mmoja wa kugawa viungo kwa nchi nzima. Katika mpango huo hutazamwa kundi la damu, figo kupatana na mwili wa mgonjwa, na muda aliongoja. Watoto hutangulizwa, vivyo hivyo mtu ambaye zamani alitoa kiungo chake. Cheo hakimo, wala dini.

Hata hivyo, kanuni nayo yaweza kupotoka. Kwa miaka mingi hesabu ya kupima figo huko Marekani ilimwonyesha mtu mweusi kuwa na figo nzuri kuliko zilivyo kweli, na hivyo zamu yake ilianza kuhesabiwa kwa kuchelewa. Mwaka 2022 hesabu hiyo ilikatazwa katika mpango wa kugawa viungo, na kuanzia 2023 hospitali zikaagizwa kuwarudishia watu weusi muda waliopoteza. Kosa lilionekana kwa sababu kanuni ilikuwa wazi. Kanuni iliyofichwa haisahihishwi.

Na kwetu je? Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, mtoaji akiwa ndugu wa mgonjwa. Hapo mwenye kuchagua ni jamaa. Lakini angalieni! Kikao cha ukoo nacho chaweza kugeuka kuwa kamati ya Seattle. Wazee wasema, "Huyu hana mke wala kazi, atoe yeye." Hiyo si hiari. Mtoaji hana budi kuulizwa peke yake, aelezwe hatari, na akikataa asisemwe.

Wengine huogopa kusema, "Nikikubali kutoa viungo nikifa, daktari ataniharakisha nife, kisha figo zangu apewe tajiri." Msiwacheke. Hofu hiyo haiondolewi kwa mahubiri ya ukarimu. Huondolewa kwa sheria: daktari anayethibitisha kifo asiwe yule anayepandikiza, kiungo kisiuzwe, na zamu ijulikane kwa wote. Mtu hutoa kwa moyo akijua kwamba kitagawanywa kwa haki.

Sasa chukueni kalamu. Jadilianeni, kisha kila mtu aandike majibu yake:

1. Figo ni moja, wagonjwa ni wawili: mama wa watoto watano aliyengoja mwaka mmoja, na kijana asiye na mtoto aliyengoja miaka minne. Nani apewe? Kwa nini?

2. Je, jibu lako lingebaki lile lile kama kijana huyo angekuwa wewe?

Kwaherini, hadi somo lijalo.