Nani alimwumba mbenga?

Masomo: Mwanzo 1:20-23, Ayubu 41 na 42:7

Leo tunataka kusema juu ya samaki. Tunajua kwamba hapa Nundu hata mtoto mdogo anaweza kutufundisha samaki: ndagala, mikebuka, kuhe, sangala. Lakini kuna mmoja ambaye wavuvi wakimtaja wanashusha sauti. Ni mbenga.

Mbenga ana meno 32, marefu na makali. Katika taya zake kuna nafasi za kuyapokea, ili mdomo ukifungwa kila jino liingie mahali pake kama kisu katika ala. Urefu wake unapita mita moja, na uzito unaweza kufika kilo 50, yaani mfuko mzima wa simenti. Yuko Lualaba, yuko Upemba, na yuko katika ziwa letu la Tanganika, ambalo maji yake yanatoka kwa mto Lukuga kule Kalemie na kwenda mpaka Lualaba. Mwaka 1898 mtaalamu Boulenger, wa jumba la makumbusho la London, alimpa jina la Goliathi. Hata yeye, ambaye hakulala mtumbwini pamoja nasi, alikumbuka lile jitu la Gathi!

Sasa, nani alimwumba? Mwanzo inatujibu: siku ya tano Mungu aliumba vyote vinavyojaa majini, wakubwa kwa wadogo, akaona kuwa ni vyema. Hakuwatoa wenye meno.

Tunasema hili kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu. Kijana mmoja wa kanisa alikuwa anatoa samaki wavuni usiku, akashika mbenga bila kumwona vizuri. Vidole viwili vilikwenda. Kabla kidonda hakijakauka, maneno yalianza. Siku mbili mbele ya ajali, mama mjane wa mtaa ule alikuwa amemwomba ndagala kidogo, akamnyima. Mama akajibu tu: «Haya mwanangu, ziwa ni la Mungu.» Maneno hayo, ambayo sisi wenyewe tunayasema kila siku, yakageuka kuwa ushahidi wa ulozi. Wakasema mama ndiye alimtuma samaki.

Na sisi wahubiri? Tulinyamaza. Wengine wetu tulifanya vibaya zaidi: tuliomba kwa sauti kubwa juu ya «adui aliye karibu», na kila mtu alijua tunamwonyesha nani. Watoto wakaacha kumsalimu. Usiku mmoja wakatupa mawe juu ya nyumba yake. Akaacha kuja ibadani, na hatukumfuata.

Tusome tena Ayubu. Alipoteza mali, watoto, na afya. Rafiki zake walikaa wakitafuta mwenye kosa, sura baada ya sura. Mwishoni Bwana mwenyewe anasema, na anamwonyesha Ayubu nini? Mnyama wa majini mwenye meno ya kutisha, lewiathani! Anamweleza ngozi yake, kinywa chake, nguvu zake, kama mfugaji anayejivunia ng'ombe wake. Anauliza ni nani awezaye kumtia ndoana. Kama mwanadamu hawezi kumwongoza mnyama huyo, basi mama mjane asiye hata na mtumbwi alipata wapi amri juu ya mbenga? Tukisema aliipata, tumempa mwanadamu ziwa ambalo ni la Bwana. Na katika 42:7 hasira ya Bwana iliwaka juu ya wale rafiki, watu wa dini kama sisi.

Yule mbenga alikuwa amefungwa wavuni, anapigania uzima wake kwa meno aliyopewa. Kijana alikuwa amechoka na taa ilikuwa hafifu. (Wavuvi, tunawasihi: mpigeni kwanza kichwani kwa rungu, ndipo mumtoe.)

Juma lililopita wazee watatu wa kanisa walikwenda kwa mama kumwomba msamaha. Aliwapa viti, lakini hakujibu neno. Hatumlaumu. Kijana naye alikwenda peke yake, na walizungumza muda mrefu. Hatukuuliza walisema nini.

Paa la mama bado lina matundu ya mawe yale. Jumamosi saa mbili asubuhi tunakwenda kulitengeneza. Mwenye nyundo aje nayo, na wamama walete chakula cha kazi.