Vidonge vya Pumu Havipatani na Kila Dawa



Wapo wagonjwa wa pumu katika Mji Mkongwe wanaotegemea vidonge vya aminofilini, kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Kifua kikibana, mgonjwa hupita Darajani akajinunulia siprofloksasini au erithromaisini bila ya cheti cha daktari. Na wasomi nao wamo. Hapo ndipo penye hatari. Ini ndilo liivunjalo aminofilini mwilini, na dawa hizo mbili huipunguza kasi kazi hiyo. Kipimo kilekile kilichomfaa jana humgeukia sumu: kichefuchefu, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, hata degedege. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume. Huiondosha aminofilini upesi, pumu ikarejea. Amoksisilini haina ugomvi huo.

La kusikitisha zaidi, pumu mara nyingi huamshwa na mafua, ambayo dawa za kuua bakteria haziyatibu hata kidogo. Kwa hiyo mgonjwa aendapo Mnazi Mmoja au kituo cha afya cha shamba, hana budi kuchukua vidonge vyote anavyotumia, pamoja na alivyojinunulia, na kuviweka mbele ya daktari kabla hajaandikiwa vingine.