Maneno Mazito ya Kiingereza na Karatasi Tunazotia Sahihi

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme juu ya kujifunza maneno ya juu ya Kiingereza. Pengine yuko mzee anayejiuliza jambo hili lamfaa nini, naye amekwisha kulea watoto na kuwaoza bila ya kulihitaji. Jibu letu limo katika karatasi zenu wenyewe. Sisi makarani ndio tunaowasomea watu barua zao, wa Kaloleni, Bahati, Makongeni, Shauri Moyo na Jericho, na barua hizo hazitofautiani sana: notisi ya nyumba, fomu ya mkopo, karatasi ya hospitali, barua ya mwajiri. Sehemu kubwa ya Kiingereza chake ni cha kawaida, hata mtoto wa darasa la saba aweza kukifuata. Kisha hutokea neno moja au mawili, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyobeba mzigo wote.

Tulitazame neno "severally". Hapa Nairobi sote tumezoea kusema "I have called you severally", yaani nimekupigia simu mara nyingi. Katika hati neno hili lina maana nyingine kabisa, nayo ni "kila mmoja peke yake". Mdhamini akitia sahihi chini ya maneno "jointly and severally liable", amekubali kwamba deni zima, wala si fungu lake tu, laweza kudaiwa kwake yeye peke yake, hata kama wadhamini walikuwa wanne.

Mwanachama wetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alimdhamini kijana wa jirani pamoja na watu wengine watatu. Aliisoma fomu ile kwa macho yake, kwa kuwa shule ameipitia. Alipofika penye neno hilo alidhani maana yake ni kwamba ataulizwa mara nyingi kabla ya kutakiwa kulipa, naye akaona si vibaya. Kijana akahama mtaa bila kuaga. Wadhamini wawili wakawa hawaonekani, wa tatu hana kazi. Ndipo barua ikamjia mzee wetu, ikitaka deni lote. Alikuja ofisini akiwa na hakika kwamba ameonewa. Tulimsomea neno lile pamoja na maana yake katika kamusi, akanyamaza kitambo, kisha akatuomba tumsomee tena. Ameuza ng'ombe wawili wa nyumbani, na mpaka leo analipa kila mwezi.

Basi hatari kubwa haiko katika neno tusilolijua kabisa, maana hilo mtu huliona na kuuliza. Hatari iko katika neno tunalodhani tunalijua. Mtoto akileta ripoti ya shule yenye neno "outstanding", tunachinja kuku. Barua ya kodi ikiwa na neno hilo hilo, ni fedha ambazo hazijalipwa. Mgonjwa akipewa "discharge" huenda nyumbani. Shamba lililowekwa rehani likipewa "discharge" limefunguliwa. Mfanyakazi akitia sahihi "discharge" amekiri kwamba hana dai tena juu ya mwajiri wake. Wote wamefunguliwa kitu, lakini yule wa tatu yampasa kuhesabu fedha zake kwanza.

Kwa hiyo twawaomba wanaojifunza, hasa vijana wetu, waache desturi ya kukariri neno peke yake kutoka katika orodha. Neno hujulikana kwa wenzake linaotembea nao. Chukua daftari, andika sentensi nzima kama ulivyoiona, na chini yake maana yake kwa Kiswahili. Kisha tafuta ndugu za neno hilo. Maneno mengi mazito ya Kiingereza yametoka katika Kilatini, nayo yana koo kama sisi. Ukijua kwamba "vacant" ni tupu, basi "vacate" katika notisi ya nyumba ni kuiacha tupu, na "evacuate" ni kuwaondoa watu mahali pa hatari. Neno "arrears" lina ukoo na "rear", yaani nyuma: ni kodi iliyobaki nyuma. Mtu akishashika ukoo mmoja amepata maneno manne au matano kwa jasho la moja.

Wala kazi hii haina ukubwa wa kutisha. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alichapa orodha ya maneno yapata 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Hayo wengi wetu tunayo tangu shule. Mwaka 2000, huko New Zealand, Averil Coxhead alitoa orodha nyingine ya koo 570 za maneno ya vitabu vya chuo kikuu, akaonyesha kwamba hizo peke yake hufanya kama sehemu moja ya kumi ya maneno yaliyomo katika vitabu hivyo. Koo mbili kwa siku, na mwaka hauishi kabla hujazimaliza. Ila zirudiwe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba mtu husahau upesi sana mwanzoni, kisha polepole. Basi neno la leo lisomwe tena kesho, na baada ya wiki, na baada ya mwezi.

Kuhusu kamusi, iliyo bora kwetu ni ile ya A. S. Hornby, iliyochapwa kwanza Japani mwaka 1942 kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya mama. Maneno mengi hutolewa pamoja na sentensi. Kwa upande wa Kiswahili iko ya TUKI ya mwaka 1996. Asiye na fedha asikae nyumbani. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo matawi yake yapo Kaloleni na Makadara, karibu na milango yetu, na viti vingine tumevikuta vitupu.

Yatupasa kuwaonya kidogo vijana wanaopenda kujaza maneno makubwa katika barua za kuomba kazi. Tumeona barua ambayo mwandishi wake amejiita "voluminous" akitaka kusema ana bidii. Maneno haya tuyajue kwa kusoma kwanza, kuandika kutafuata.

Nanyi wazee msione haya kusema hamkuelewa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mwenye kukuletea fomu mwambie akueleze kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla ya kalamu. Na mkopo wa simu nao ni hati, ijapokuwa sahihi yake ni kidole.

Halmashauri imekubali kununua kamusi mbili, na daftari kubwa ambalo ndani yake kila neno lililomsumbua mwanachama litaandikwa pamoja na sentensi yake, bila jina la mtu. Neno "severally" liko katika ukurasa wa kwanza. Tutakaa ofisini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Mje na karatasi zenu kabla hazijatiwa sahihi, na kila mzee aje na mjukuu mmoja anayejua kusoma.