Siku Tuliyoliweka Pondo Chini
(Hotuba iliyosomwa kwenye chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)



Awali ya yote natoa shukrani kwa heshima hii mliyonipa ya kusimama mbele yenu nikiwa nimeshiba, jambo ambalo katika ukumbi huu, enzi zetu, halikutokea mara nyingi.

Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya mchango wa shule yetu katika maendeleo ya taifa. Nimeitafakari mada hiyo kwa muda wa wiki tatu, nikaona kwamba wamo humu ndani watu wenye vyeo kunizidi ambao wataieleza vizuri zaidi. Mimi nina deni la zamani, na deni lenyewe lilianzia shuleni hapa. Basi, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, nitaomba niwapeleke mtoni.

Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 1977, nasi tulikuwa Kidato cha Tatu. Wengi wenu mnamkumbuka mwenzetu aliyetoka Rufiji, yule mrefu aliyekuwa akilala karibu na mlango katika bweni letu. Wale msiolikumbuka jina lake la daftarini bila shaka mnakumbuka kwamba alikuwa akiitwa Kambare. Jina hilo nililitunga mimi. Siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza alifika na sanduku la bati na kikapu cha samaki wa kukaushwa kwa moshi, na juu ya mdomo alikuwa na ndevu tatu nne zilizomtangulia umri. Mimi, mtoto wa Kariakoo, niliyejiona nimezaliwa na mji mzima mfukoni, nikasema kwa sauti, "Jamani, kambare kaja na ndugu zake!" Bweni zima likacheka. Naye akacheka pia, na kwa kuwa alicheka, sisi tukahesabu kwamba jambo limekwisha. Kufikia muhula wa pili hata mpishi alikuwa akimwita hivyo.

Sasa, huyo huyo Kambare ndiye aliyetualika watu watatu kwenda kwao wakati wa likizo: mimi, mwenzetu mmoja kutoka Kilimanjaro ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa ya mfereji wa kumwagilia migomba, na mwenzetu wa Tabora, yule fundi wa Fizikia. Tulipanda basi hadi Kibiti, na kutoka Kibiti tukapanda lori, tukafika kijijini kwao vumbi limetufanya sote kuwa wa kabila moja.

Baada ya siku nne baba yake akatwambia kwamba kuna magunia mawili ya mpunga ya kupelekwa kwa shangazi yake Kambare huko Utete, na kwamba kama tunataka kuuona mto, basi twende nayo kwa mtumbwi. Alfajiri tukashuka ukingoni. Kipupwe kilikuwa kimeanza, na ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama shuka. Mzee akayakagua magunia, akatukagua na sisi kama magunia mengine matatu, akatoa amri moja tu: "Wanangu, humu hakuna kusimama. Anayesimama ni mwenye pondo peke yake."

Kambare akatupanga. Wa Kilimanjaro akawekwa omo, wa Tabora nyuma yake, na mimi akanikalisha katikati, chini kabisa ngamani, mahali pa maji ya kuvuja na kata ya kuyafutia. Yeye mwenyewe akasimama tezi na pondo lake mkononi. Ndugu zangu, nilimtazama nikadhani ni mtu mwingine. Yule kijana aliyekuwa akiulizwa swali kwa Kiingereza akaitazama sakafu, hapo alikuwa amesimama wima juu ya gogo lisilozidi upana wa meza hii, na gogo halitikisiki.

Katika Jiografia tulikuwa tumekariri kwamba Kilombero na Luwegu hukutana na kuwa Rufiji, na kwamba Ruaha Mkuu huingia baadaye. Tulipata alama zetu. Lakini hakuna aliyetufundisha kwamba mto huo huhama. Kila baada ya kona Kambare alikuwa akituonyesha: hapa palikuwa na mto zama za babu, sasa ni shamba, pale palikuwa na shamba, sasa ni mto. Alituonyesha madungu, vile vibanda vilivyojengwa juu ya miti mirefu ambamo watu hukaa kulinda mazao. Watu wa bondeni walikuwa wamehamishiwa vijiji vya juu tangu mwaka 1968 na 1969, lakini mashamba hayahamishiki, na wenyewe walikuwa wakishuka kila msimu. Alitueleza kilimo cha mlau: maji ya mafuriko yakishapungua na kuacha tope jipya, watu hupanda palepale kwenye unyevu, na mahindi hukua bila mvua. Nasi, wanafunzi wa Elimu ya Kujitegemea, tuliokuwa tukilia kila siku kwa kumwagilia mchicha wa shule, tukanyamaza.

Jua lilipopanda, ukungu ukaondoka, na Kambare akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alilitoa pondo majini, akalilaza ndani ya mtumbwi, akakaa, akasema, "Sasa tumwachie mwenye kazi." Tukaachia. Kwa muda wa saa mbili au tatu hakuna aliyefanya lolote. Mto ulituchukua polepole, mara omo ikatangulia, mara tukaenda ubavu kama kaa. Keremkerem walikuwa wakiingia na kutoka katika matundu yao kwenye kingo za udongo. Furukombe alilia juu ya mvumo uliokauka. Wa Kilimanjaro aliimba nyimbo za kwao mpaka akasinzia. Tulisimama kwenye kisiwa cha mchanga tukala mihogo ya kuchoma na samaki, tukalala kifudifudi juani, tukaulizana kila mmoja atakuwa nani. Nimehudhuria mikutano mingi tangu siku hiyo, na mingine nilipewa posho, lakini sijapata kukaa na watu kwa raha namna ile.

Hapo kisiwani wa Tabora alitutolea habari za bwawa. Serikali ilikuwa imekwisha kuunda mamlaka ya kuendeleza bonde hilo, RUBADA, mwaka 1975, na yeye alikuwa amesoma kwamba maji yatazuiwa kule juu kwenye korongo la Stiegler ili yatoe umeme. Alichora mitambo mchangani kwa kijiti. Kambare alitazama mchoro kwa makini, akauliza swali moja: "Na tope litapita wapi?" Fundi wa Fizikia hakuwa na jibu. Mnajua wenyewe kwamba bwawa hilo lilianza kujengwa mwaka 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukawashwa mwaka 2024. Nguvu yake kamili ni megawati 2,115. Huenda hata taa hizi ninazosomea zinatokana nalo, nami ninalifurahia. Lakini lile swali bado ninalisikia.

Basi, tulipoondoka kisiwani, nikafika mahali pa deni langu. Kwenye kona moja palikuwa na kina, na kwenye kina palikuwa na viboko. Kambare alikuwa amekwisha kutueleza: mchana kiboko hupenda maji marefu, kwa hiyo sisi tutapita upande wa kina kifupi, na tutagonga ubavu wa mtumbwi ili watusikie wainue vichwa tujue walipo. Tukagonga. Vichwa vikainuka, mbali nasi, vitano au sita. Kisha mmoja akapumua. Ninyi mnaojua kiboko anavyopumua mtanihurumia. Nikasimama.

Mtumbwi ukalala ubavu, gunia moja likateleza, likazama, nami nikalifuata. Nilipiga kelele kwamba nakufa. Nilimwita mama yangu, nikamwita na Mwalimu Mkuu. Kambare alininyooshea pondo, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Simama tu, ndugu yangu." Nikasimama. Maji yalinifika kifuani.

Hakucheka. Wale wawili walikuwa wamekauka kwa hofu, na wangecheka kama yeye angeanza, lakini hakuanza. Alinivuta ndani, kwa kuwa mamba hasubiri mtu amalize aibu yake, akanirudisha ngamani, akasukuma. Lile gunia hatukuliona tena. Jioni tulipofika Utete, shangazi yake alihesabu gunia moja akauliza la pili. Kabla sijafungua kinywa Kambare akajibu, "Nisamehe shangazi, nimekosea mimi. Nililipeleka pondo vibaya." Shangazi akamsema mbele yetu sote, naye akainamisha kichwa. Mimi nikanyamaza.

Shule ilipofunguliwa mwenzetu huyo hakuonekana. Alifika baada ya wiki moja na nusu, amevaa viatu vilivyoachama mbele, akapewa adhabu ya kung'oa kisiki nyuma ya jiko, kisiki cha mwembe, siku tatu. Nilipita pale na ndoo yangu ya maji nikamwita, "Kambare, kisiki hicho hakina samaki!" Akacheka.

Mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, nilipita Ikwiriri kikazi, nikaona nimtafute. Yeye alikuwa safarini. Nikampata mama yake, ajuza lakini mwenye macho makali. Baada ya kuniamkua na kunipa maji aliniuliza, "Wewe ndiye uliyelitosa gunia?" Nikamwambia, "Mama, yeye alisema kakosea mwenyewe." Akasema, "Mwanangu ameshika pondo tangu ana miaka saba, hajapata kupindua mtumbwi. Nilijua siku ileile." Kisha akanieleza, bila chuki, kwamba gunia la kwanza lilikuwa zawadi ya shangazi, na la pili lilikuwa la kuuza. Fedha yake ndiyo iliyokuwa nauli ya kurudi shuleni, na viatu.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimekwenda tezi na omo. Nimekuwa mkubwa wa idara, nimepewa gari na dereva. Lakini nimerudi palepale aliponikalisha yule kijana, chini, penye maji ya kuvuja, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa na kinywa cha kutunga majina na sikuwa na kinywa cha kusema "ni mimi."

Mwenzetu huyo yupo humu ukumbini, meza ya tatu kutoka dirishani. Alistaafu ualimu, na mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakivusha watu kwa mitumbwi. Jana jioni nilimwomba ruhusa niyaseme haya, nikamwomba na radhi, la gunia, la kisiki, na la jina. Alifikiri kidogo, akasema, "Jina nimelizoea. Kisiki kilinipa mikono. Gunia ndilo sijalisahau."

Basi naomba ashuhudiwe na wote waliopo. Kaka, gunia lako la mpunga liko nyuma ya gari langu, limejaa, na limeshonwa vizuri. Nimelifunga kwa kamba mara mbili, na dereva nimemwambia asisimame.